Duka la familia: Shelfu ni ya nani?

UKIPITA senta ya Nyamongo, katika Kata ya Matongo wilayani Tarime, utakuta maduka yamepangana ubavu kwa ubavu. Sukari ni ile ile. Sabuni ya mche ni ile ile. Mzigo umetoka kwa wauzaji wa jumla wale wale wa Tarime mjini, Musoma au Mwanza, na bei zinapishana kwa shilingi hamsini au mia. Lakini duka moja lina watu mlangoni tangu asubuhi, na la jirani yake muuzaji anafukuza nzi.

Majirani wana maelezo yao. Watasema huyu ana dawa, yule amefungiwa nyota. Mimi ningekuomba, ndugu msomaji, kabla hujafika huko, usimame mbele ya maduka hayo mawili kama mteja, utazame ndani, kisha ujiulize swali moja: hapa nani amepanga vitu?

Katika maduka mengi ya familia jibu ni kwamba hakuna. Kila mmoja ameweka anachoweka pale alipopata nafasi. Na kwa kuwa kazi hiyo haina mwenyewe, lawama zake zina wenyewe wengi. Ndiyo maana nimeileta katika ukurasa huu wa familia na sijawaachia watu wa ukurasa wa biashara. Ugomvi wa shelfu hauishii dukani. Unapanda nao kitandani.

Ugomvi wenyewe ulivyo

Tuchukue nyumba ambayo wengi wetu tunaifahamu. Baba ndiye anayesafiri kufuata mzigo. Mama ndiye anayekaa dukani. Yupo binti waliyemleta kutoka kijijini kusaidia, na yupo kijana wa kidato cha tatu anayeshika simu ya kutuma na kutoa pesa akitoka shule.

Baba anarudi na mzigo usiku, amechoka, vumbi la barabarani bado lipo usoni. Anashusha katoni na kuzipanga pale pale zinapoangukia, juu ya zile za wiki iliyopita. Safari hii amekuja na jozi sitini za ndala, maana huko mjini aliziona za bei nzuri. Asubuhi mama anakuta ndala zimefunika betri na tochi, vitu ambavyo mchimbaji mdogo huviulizia kabla jua halijatoka. Anazihamisha. Jioni baba anarudi, haoni ndala zake, anauliza kwa ukali: "Nani kaficha mzigo wangu?"

"Baba watoto, hizi ndala haziendi. Watu wanataka mabuti, mvua imeanza."

"Haziendi kwa sababu umezificha."

Hapo wote wawili wana ukweli nusu nusu. Kitu kilichofichwa hakiuziki, hilo ni kweli. Na kitu kisichohitajika hakiuziki hata ukikipaka dhahabu, hilo nalo ni kweli. Lakini hakuna atakayejua ukweli upi umelifika duka lao, kwa sababu anayenunua haoni mteja anavyogeuza shingo, na anayemwona mteja haulizwi kabla ya safari.

Tupige hesabu. Tuseme ndala zile ziligharimu shilingi 180,000. Fedha hiyo ingekuwa kwenye sukari inayomalizika kila wiki na kuacha faida ya shilingi 10,000 tu, kwa majuma kumi na mawili ingerudisha 120,000, na mtaji bado upo mkononi. Badala yake imelala miezi mitatu katika mifuko ya nailoni. Halafu mwezi wa pili mnaanza kuulizana nani anaiba.

Kupanga ni kazi, tena ya siku nyingi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo mzuri, lakini chema kilicholala chini ya gunia la dona hakijiuzi. Wafanyabiashara wakubwa waliligundua hilo zamani.

Mwaka 1909 Mmarekani mmoja, Harry Gordon Selfridge, alifungua duka kubwa jijini London. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika duka la Marshall Field la Chicago. Madirisha ya kioo ya duka lake yalipangwa kama maonyesho, na usiku, duka likiwa limefungwa, taa za madirishani ziliachwa zikiwaka ili mpita njia asimame na kutazama. Jambo la kujifunza kwetu ni kwamba Selfridge, pamoja na fedha na majivuno yake, hakuyapanga madirisha yale mwenyewe. Alimchukua Edward Goldsman kutoka Chicago awe mkuu wa kazi hiyo. Mwenye mali alikubali kwamba kumiliki duka ni jambo moja, na kujua jicho la mteja linapotua ni jambo jingine.

Hadi leo maduka makubwa hugawa kazi namna hiyo. Yupo anayechagua na kununua bidhaa. Yupo anayezipokea stoo, kuzihesabu na kutazama tarehe. Yupo anayechora ramani ya shelfu, kitu gani kikae wapi na kwa wingi gani. Wapo wanaosimama na wateja na kujaza pengo kila kitu kinapopungua. Na yupo meneja wa kuwakutanisha wote. Mchora ramani akipanga kitu ambacho stoo hakipo, amechora hewa. Mnunuzi akileta kitu bila kumwambia mpangaji, kitakaa kwenye katoni.

Tumeliona hilo hapa hapa Afrika Mashariki. Nakumatt, kampuni ya Kenya iliyochukua maduka ya Shoprite nchini mwetu mwaka 2014, ilikuwa na maduka yaliyopangwa vizuri yakapendeza. Kufikia mwaka 2017 shelfu zake zilikuwa zikionyesha mbao tupu. Wapangaji hawakuwa wamesahau kazi. Kampuni ilikuwa inadaiwa, na wasambazaji ambao hawakulipwa waliacha kuleta bidhaa. Mteja hakuhitaji kusoma vitabu vya hesabu vya kampuni ili ajue kuna tatizo. Aliyasoma kwenye shelfu. Ukitazama shelfu ya duka lolote, hata la fremu moja Nyangoto au Kewanja, unasoma jinsi watu wa nyumba ile wanavyoelewana.

Duka letu lina nondo

Msomaji atasema hayo ni ya London, sisi huku duka lina nondo na kidirisha. Ni kweli, na ndiyo sababu mpangilio una uzito zaidi kwetu.

Duka ambalo mteja anaingia na kujichukulia mwenyewe halina umri mkubwa sana. Lile linalotajwa kuwa la kwanza la vyakula kwa mtindo huo, Piggly Wiggly, lilifunguliwa Memphis, Marekani, mwaka 1916 na Clarence Saunders. Kabla ya hapo ilikuwa kama kwetu: mteja anasimama nje ya kaunta, muuzaji anamfikishia. Katika duka la nondo mteja ananunua kwa jicho na kwa mdomo, na asichokiona mara nyingi hakiulizii. Mkono wake ni mkono wa muuzaji.

Kwa hiyo shelfu za duka la nondo lazima zitosheleze watu wawili. Jicho la mteja linataka kuona vile ambavyo hakuja navyo akilini: kikombe, mafuta ya kupaka, tochi mpya, daftari. Hivyo vikae usawa wa macho, vimetazama kidirisha, na bei iandikwe kwa maandishi ya kusomeka kutoka nje. Mkono wa muuzaji unataka karibu vile vinavyoulizwa kila dakika: chumvi, kiberiti, sukari iliyokwisha pimwa, sabuni. Hivyo hata vikiwa chini ya kaunta vitauzika, maana mteja anavitaja mwenyewe. Maduka mengi hufanya kinyume. Chumvi na kiberiti vinachukua mahali pa heshima, na vitu vya kumkumbusha mteja viko nyuma ya mlango.

Nani anajua haya? Ni yule anayesimama pale kutwa. Yeye ndiye anayejua kwamba msichana wa shule akikuta kijana wa kiume kaunta, na taulo za kike zimewekwa mahali pa kutajwa kwa sauti, ataomba pipi na kuondoka. Zikiwekwa kando, mahali pa kuoneshea kidole tu, atanunua. Yeye ndiye anayejua kwamba mafuta ya taa yakikaa jirani na unga, mama aliyenunua jana leo ataurudisha. Anajua pia watu wa mishahara ya mgodini wanakuja lini na wachimbaji wadogo wanakuja saa ngapi. Ujuzi huo haumo katika risiti ya muuzaji wa jumla.

Basi kila kazi ipewe mwenyewe

Rai yangu wiki hii ni hii: shelfu apewe anayesimama mbele ya mteja, na apewe pamoja na sauti juu ya kinachonunuliwa. Ukimpa shelfu bila sauti, umempa kazi ya kufuta vumbi.

Katika duka la familia kazi ni nne. Mnunuzi anafuata mzigo na kutafuta bei. Mpokeaji anahesabu kilichoingia na kutazama tarehe za mwisho wa matumizi. Mpangaji anaamua kila kitu kinakaa wapi, na anahakikisha cha zamani kinakaa mbele na kipya kinaingia nyuma. Mtunza hesabu anaandika. Nyumba ikiwa na watu wawili, mtu mmoja atashika kazi mbili, hakuna ubaya. Ubaya ni kazi moja kushikwa na kila mtu. Hapo haishikwi na yeyote.

Ningeshauri mpokeaji asiwe yule aliyenunua. Sina maana kwamba mnunuzi ni mwizi. Macho mawili mapya huona katoni iliyolowa, na siku hesabu ikipungua hakuna wa kumshuku mwenzake peke yake. Kijana wa sekondari anaweza kusoma tarehe na kujaza daftari kwa nusu saa baada ya masomo, mradi kazi hiyo isimnyang'anye muda wa kusoma.

Kisha wekeni daftari la pili kando ya lile la mauzo. Humo muuzaji aandike kitu kimoja tu: kilichoulizwa kikakosekana. "Mabuti namba 8, watu watatu." "Betri ndogo, watu sita." Daftari hilo ndilo barua ya mpangaji kwa mnunuzi. Mzee wa nyumba akipanda gari kwenda Mwanza bila kulisoma, anakwenda kununulia macho yake mwenyewe, na yeye si mteja.

Mwisho, kaeni kikao cha dakika ishirini kwa wiki. Jumapili jioni, au Jumamosi baada ya jua kuzama kwa ndugu zetu Wasabato. Maswali matatu yanatosha. Kipi kimetoka upesi? Kipi kimelala? Kipi tumeulizwa tukakosa? Binti wa duka naye aitwe, akae kwenye kiti, asisimame mlangoni.

Najua mzee mmoja anasoma na kusema, "Mtaji ni wangu, nitawekaje mambo yangu kwa kuulizwa na mwanamke na mtoto?" Mzee wangu, hakuna anayekunyang'anya mtaji. Hata mwenye ng'ombe mia huuliza kijana wa kuchunga ni yupi anachechemea, kwa sababu kijana ndiye aliyeshinda nao. Kuuliza hakujampunguzia mwenye zizi heshima. Ng'ombe akifa kwa sababu hakuulizwa mchungaji, hapo ndipo heshima hupungua.

Binti wa duka si kiti

Sasa niseme la binti yule, maana yeye huwa wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kulaumiwa.

Katika nyumba nyingi binti wa duka anafagia nyumba, anachota maji, anapika, kisha anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa tatu usiku. Hizo ni saa kumi na tano. Kwa siku saba ni saa 105. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa tisa kwa siku, siku sita. Saa za ziada zina malipo yake, si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Hata mkipokezana wawili kwa usawa, duka la saa 105 linampa kila mmoja zaidi ya saa 52. Kwa hiyo ama duka lifunguliwe kwa zamu zinazoeleweka, ama lifungwe mapema. Mtu aliyechoka hapangi. Anasukuma tu.

Sheria hiyo hiyo inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Tena inataka mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Msione ni mambo ya kampuni za mgodi pekee. Karatasi moja inatosha, na ndani yake andikeni wazi kama kupanga shelfu ni kazi yake au si yake.

Na hili la kukata mshahara. Ikipotea katoni ya biskuti, wengi wetu tunakata mara moja, bila maneno. Sheria hairuhusu hivyo. Ili mwajiri amkate mfanyakazi kwa hasara, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipata, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Sasa jiulize: duka ambalo watu wanne wanapanga na hakuna aliyepokea kwa hesabu, utathibitishaje kwamba kosa ni la binti? Pengine biskuti zilikufa chini ya katoni ulizoshusha wewe mwenyewe usiku ule.

Mchango usioandikwa

Mama naye asikilizwe. Wake wengi wamekaa kwenye kaunta miaka kumi, wamepanga, wamefuta, wamepanga tena, na siku ndoa inapoyumba wanaambiwa, "Duka ni la mume, wewe ulikuwa unasaidia."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjwa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema juhudi hizo zinajumuisha hata kazi za nyumbani za mke. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, kusimama dukani kutwa ni mchango pia. Lakini kumbuka, rufaa ya mama yule yenyewe haikufaulu. Msingi wa sheria ni kitu kimoja, na kuonyesha ulichofanya ni kitu kingine. Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi bila daftari vivyo hivyo.

Sisemi haya ili watu waanze kujiandaa kuachana. Nasema ili mume aliyepo nyumbani leo aite kazi kwa jina lake. Mke wako hakusaidii kupanga. Yeye ndiye mpangaji. Siku utakapomtaja hivyo mbele ya watoto na mbele ya binti wa duka, hutasikia tena swali la nani kaficha mzigo, kwa sababu kila mtu atajua wa kumwuliza.

Wiki hii fanyeni jambo moja dogo. Fungeni duka saa moja mapema. Shusheni kila kitu kwenye shelfu, futeni, halafu baba asimame nje ya kidirisha kama mteja wakati mama na binti wanapanga. Asiseme "weka pale". Aseme tu anachokiona na asichokiona. Mkimaliza, andikeni majina manne kwenye karatasi, kila kazi na mwenyewe, mbandike nyuma ya mlango. Ndala zile zipunguzwe bei zitoke, fedha irudi kazini, na safari ijayo daftari la vilivyoulizwa liingie mfukoni pamoja na nauli.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.